Mwenye Nyumba Alikuwa Nani?

Jumatatu ya tarehe 19 Juni 2023, kabla ya saa nne asubuhi, watu wanne tulikuwa tumesimama kwenye maegesho ya magari mjini Galveston, kisiwa chembamba cha pwani ya Texas, tukiutazama ukuta. Joto lilikuwa limekwisha kupanda, joto lile la pwani linaloloanisha shati mgongoni kabla mtu hajapiga hatua kumi, ambalo mimi mtu wa Unguja sina haki ya kulilalamikia ingawa nililalamika. Watatu kati yetu walikuwa Wayahudi. Wa nne nilikuwa mimi, Mwislamu niliyezaliwa Mkunazini, mhasibu na mkaazi wa Houston kwa miaka mingi, niliyekuwa nimealikwa kwenda kuona mahali ambapo uhuru wa watumwa wa Texas uliandikwa kwenye karatasi.

Kwa msomaji ambaye hajakutana na sikukuu hii, habari yake ni hivi. Tarehe 1 Januari 1863 Rais Abraham Lincoln alitangaza kwamba watumwa wote waliomo katika majimbo ya Kusini yaliyoasi ni watu huru. Tangazo lilikuwa na nguvu pale tu majeshi yake yalipofika, na sehemu kubwa ya Texas yalikuwa hayajafika. Jenerali Robert E. Lee wa majeshi ya Kusini alisalimu amri tarehe 9 Aprili 1865, Lincoln akauawa siku chache baadaye, na bado mashamba ya pamba ya Texas yaliendelea kulimwa na watu wapatao 250,000 waliohesabiwa kuwa mali. Tarehe 19 Juni 1865 Meja Jenerali Gordon Granger, aliyekuja Galveston kushika uongozi wa majeshi ya serikali, alitoa Amri Kuu Namba 3, inayoanza kwa kuwaarifu watu wa Texas kwamba watumwa wote ni huru. Mwaka uliofuata walioachwa huru walianza kuiadhimisha siku hiyo, na kwa matamshi yao wakaunganisha jina la mwezi na hesabu ya siku kuwa neno moja, Juneteenth. Texas iliifanya kuwa siku ya mapumziko kuanzia 1980. Serikali ya Marekani ilisubiri hadi tarehe 17 Juni 2021, Rais Joe Biden alipotia saini.

Wenzangu watatu hawakuwa watu wa namna moja, na ni vema niwaeleze, maana bila hivyo mazungumzo yetu hayataeleweka. Wa kwanza ni mwalimu mstaafu aliyekaribia miaka 80. Tulifahamiana mwaka 2017 baada ya mafuriko ya kimbunga Harvey, katika mtaa wa Meyerland, ambako Wayahudi wengi wa Houston wamekaa kwa vizazi na ambako maji ya kijito cha Brays yaliingia hadi vyumba vya kulala. Mimi na Waswahili wenzangu kadhaa tulijitolea kutoa mazulia yaliyorowa na samani zilizoharibika, na nyumba ya tatu tuliyoingia ilikuwa yake. Katikati ya uvundo ule aliniuliza jina la mama yangu, na tangu siku hiyo sikuweza kumwita kwa jina lake, kwa kuwa kwetu mtu wa umri ule haitwi hivyo. Nilimweleza maana ya Bi Mkubwa, akacheka, akalikubali. Wa pili ni mume wa mpwa wake, wakili, mtu wa nyaraka, ambaye hawezi kusikia habari bila kuuliza imeandikwa wapi, na ambaye ukoo wake uko Kusini mwa Marekani tangu kabla ya vita hivyo vya wenyewe kwa wenyewe. Wa tatu ni binti wa miaka 24, mwanafunzi wa historia, ambaye baba yake ni Myahudi na mama yake ni Mmarekani Mweusi wa mtaa wa Third Ward. Yeye alilelewa na sikukuu zote mbili, ile ya Aprili na hii ya Juni, na hakuna kati yetu aliyekuwa na haki zaidi ya kusema siku ile, ingawa alisema machache kuliko wote.

Sikukuu ya Aprili ni Pasaka ya Kiyahudi, na mazungumzo yetu yalianzia huko. Mwaka ule usiku wa kwanza wa Pasaka uliangukia ndani ya Ramadhani, jioni ya tarehe 5 Aprili, kwa hiyo nilifika nyumbani kwa Bi Mkubwa nikiwa nimefunga, nikafuturu kwa tende tatu alizoniwekea kando ya sahani ya ibada, kisha nikakaa nao kwenye karamu inayoitwa Sederi. Ni chakula chenye utaratibu mrefu kuliko subira ya mtu mwenye njaa. Kuna vikombe vinne vya divai, ambavyo mimi nilipewa juisi ya zabibu. Kuna mkate usiotiwa chachu, kwa sababu waliotoka Misri hawakupata muda wa kungoja unga uumuke. Kuna mboga chungu kwa ajili ya uchungu wa utumwa, maji ya chumvi kwa ajili ya machozi, na mchanganyiko wa tufaha na njugu unaofananishwa na udongo wa matofali. Mtoto mdogo kuliko wote huuliza kwa nini usiku huu si kama usiku mwingine, na mezani wanamjibu kwa sentensi ambayo kila Myahudi niliyemfahamu anaijua kwa moyo: tulikuwa watumwa wa Farao huko Misri.

Farao wao ndiye Firauni wetu, na nilimsimulia Bi Mkubwa kwamba sisi tunafunga siku ya Ashura, tarehe 10 ya mwezi wa Muharram, kwa kuwa Mtume alipofika Madina aliwakuta Wayahudi wamefunga kumshukuru Mungu kwa kuokolewa Musa. Alikuwa hajapata kusikia habari hiyo katika umri wake wote. Alisimamisha ibada nzima ili nirudie kwa sauti, na chakula kikazidi kuchelewa.

Mambo mawili ya usiku ule yalibaki kichwani mwangu. La kwanza ni kwamba Hagada, yaani kitabu kinachosomwa katika Sederi, karibu hakimtaji Musa kabisa. Jina lake linapita mara moja tu, ndani ya aya iliyonukuliwa kwa jambo jingine. Wakili alinieleza kuwa kitabu kinasisitiza kwamba Mungu mwenyewe ndiye aliyewatoa, si kwa malaika wala kwa mjumbe, ili watu wasije wakamtukuza mkombozi wakausahau ukombozi. La pili ni ile nafsi ya kitenzi. Kitabu hakisemi babu zetu walikuwa watumwa. Kinasema tulikuwa, na kinamtaka kila mtu wa kila kizazi ajione kana kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyetoka Misri. Kwa lugha ya mhasibu, ni deni lisilofutwa vitabuni hata mdai na mdaiwa wakifa. Nilimsifu Bi Mkubwa kwa utaratibu huo, naye kwa furaha akasema kwamba ndiyo sababu Wayahudi wanaielewa Juneteenth kuliko Wamarekani wengine weupe. Yule binti, aliyekuwa akivunja kipande cha mkate mkavu, hakuinua macho. Alisema tu kwamba mwezi Juni atatupeleka Galveston.

Ukuta tuliousimamia una mchoro mkubwa uliozinduliwa mwaka 2021, wa futi za mraba zipatazo 5,000, kazi ya msanii Reginald Adams na wenzake, na unaitwa Usawa Kamili, maneno yaliyochukuliwa kutoka ndani ya amri yenyewe. Harriet Tubman, mwanamke Mweusi aliyewatorosha watumwa, yumo, ameinua taa. Lincoln yumo, na Granger yumo na askari wake Weusi. Bi Mkubwa alitazama kwa muda, akasema kwa sauti ya darasani kwamba Hagada isingemweka jenerali kwenye ukuta. Nadhani alikuwa na haki. Siku hii husimuliwa kana kwamba mzungu mmoja alishuka melini na uhuru mfukoni, wakati kuna watu waliokuwa wametoroka kwenda Mexico kuutafuta kwa miguu yao kabla Granger hajaiona Texas. Sisi wa Unguja tuna ugonjwa uleule. Mtoto wa shule atakutajia Livingstone, Kirk na Askofu Steere, Wazungu waliopinga utumwa, kabla hajakutajia jina la mtumwa hata mmoja.

Wakili hakuwa akitazama mchoro. Alikuwa amesimama mbele ya kibao cha kumbukumbu kilicho pembeni, pale barabara ya Strand inapokutana na barabara ya 22, akikisoma kama anavyosoma mikataba. Kibao kinasema kwamba makao makuu ya jeshi, ambako amri ilitolewa, yalikuwa katika jengo lililokuwa mahali hapa hapo zamani, na jengo hilo liliitwa Osterman. Alitugeukia akatuuliza kama tunajua Osterman alikuwa nani. Bi Mkubwa alijibu kwamba anajua jina la mke wake, Rosanna, kwa sababu kila mtu aliyesoma historia ya Wayahudi wa Texas anamjua. Kisha akanyamaza, na nikaona jinsi mambo mawili aliyoyajua maisha yake yote yalivyokuwa yakikutana kichwani mwake kwa mara ya kwanza.

Joseph Osterman alikuwa mfanyabiashara Myahudi, miongoni mwa wa mwanzo kufungua duka Galveston, alipofika na mke wake mwishoni mwa miaka ya 1830. Rosanna Dyer Osterman alikuwa mzaliwa wa Ujerumani aliyekulia Baltimore. Homa ya manjano ilipoupiga mji mwaka 1853 aliugeuza uwanja wa nyumba yake kuwa mahali pa kulaza wagonjwa. Vita vilipofika na watu wenye uwezo wakahama kisiwani, yeye alibaki, akaigeuza nyumba kuwa hospitali ya askari waliojeruhiwa. Alifariki mwaka 1866, meli ya mvuke aliyopanda ilipolipuka katika mto Mississippi, na wosia wake uliacha fedha kwa wajane na yatima, kwa hospitali, na kwa ajili ya sinagogi la Galveston. Huyo ndiye Rosanna anayefundishwa watoto. Lakini katika sifa hizohizo anazopewa kuna moja ambayo wakili aliisoma kutoka kwenye simu yake bila kuongeza neno: kwamba alipata kwa askari majeruhi habari za kijeshi, akazifikisha kwa majeshi ya Kusini, zikayasaidia kuutwaa tena mji wa Galveston.

Mji ulitwaliwa tena tarehe 1 Januari 1863. Ni siku ileile ambayo tangazo la Lincoln lilianza kufanya kazi.

Sitaki kukuza jambo kupita kiasi. Texas ilikuwa kubwa, na hata kama Galveston ingebaki mikononi mwa serikali, mashamba ya bara yasingekombolewa siku hiyo. Hata hivyo, pale kwenye maegesho hatukuwa tukifanya tathmini ya vita. Tulikuwa na bibi aliyekua akifundishwa kumpenda mwanamke mmoja mwema wa kabila lake, mwanamke aliyewauguza wagonjwa wa homa na kuwakumbuka yatima, na ambaye, kwa sifa hiyohiyo wanayomsifia, alikuwa upande wa Firauni. Tulikuwa na amri ya uhuru iliyotoka chini ya paa la mumewe. Ghala la mfanyabiashara katika bandari ya pamba haliwezi kuwa mbali na utumwa, kwa kuwa hakuna pamba iliyofika bandarini pale ambayo haikupita kwenye mikono ya watumwa. Yule binti aliuliza swali moja tu: nani alikuwa akilifagia jengo hili tarehe 18 Juni?

Tulirudi garini kwa ajili ya kiyoyozi, na mabishano yakaanza kabla ya kufika kwenye daraja. Bi Mkubwa alisema kwamba watu wake hawakuwa na habari na mambo hayo, kwa sababu babu yake alishuka Galveston mwaka 1911, akiwa mmoja wa wahamiaji wa Kiyahudi wapatao 10,000 ambao, kati ya 1907 na 1914, walielekezwa kuingia Marekani kwa bandari hiyo badala ya New York, na ambao rabi wa mji, Henry Cohen, alikuwa akienda kuwapokea gatini. Alikimbia Urusi, alikuja na sanduku moja, hakumiliki mtu. Yote hayo ni kweli. Wakili alimjibu kwa upole kwamba babu aliposhuka alikuta mji wenye milango miwili, mmoja wa weupe na mmoja wa Weusi, akapita ule aliofunguliwa, na kwamba mtu anaweza kuurithi mlango hata kama hakuujenga. Bi Mkubwa akaitaja picha maarufu ya mwaka 1965, Rabi Abraham Joshua Heschel akiandamana na Martin Luther King huko Selma kudai haki ya Weusi kupiga kura. Binti alicheka, si kwa ubaya, akasema picha hiyo anaijua, kila mwaka inaletwa. Moyoni niliifananisha na vyombo vya kabatini, vinavyotolewa akija mgeni. Ni vyombo vizuri na ni vya kweli, lakini havionyeshi watu wa nyumba hiyo wanakula kwa vyombo gani siku nyingine.

Wakili, kwa kuwa ni mtu wa haki, alikumbusha pia upande wa pili. Wayahudi wa Kusini walikuwa wachache mno, hivyo hata wale waliomiliki watumwa walikuwa tone katika bahari ya wenye watumwa Wakristo. Kuna uongo wa miaka mingi, unaoenezwa na wanaowachukia, kwamba Wayahudi ndio walioendesha biashara ya utumwa, na uongo huo ndio umefanya jamii yao iogope kuligusa hata lile tone. Papo hapo akaligusa. Alimtaja Judah P. Benjamin, aliyekuwa na shamba la miwa na watumwa huko Louisiana, akaja kuwa waziri katika serikali ya waasi. Akamtaja Rabi Morris Raphall wa New York, aliyehubiri Januari 1861 kwamba Maandiko hayaukatazi utumwa, na Rabi David Einhorn wa Baltimore, aliyemjibu kwa ukali kwamba hayo ni matusi kwa Mungu, na ambaye miezi michache baadaye ilibidi aukimbie mji kuokoa maisha yake. Kisha akasema kwamba kwenye Sederi ya ukoo wao, kwa vizazi vingi, waliimba tulikuwa watumwa huku chakula kikiletwa na mwanamke Mweusi aliyesubiri jikoni, na kwamba katika utoto wake hakuna aliyeona ajabu. Bi Mkubwa hakujibu. Baadaye alisema kwamba na kwao alikuwepo mtu jikoni, miaka ya 1950, akamtaja kwa jina la kwanza, kisha akaona aibu kwa kuwa hakulijua la pili.

Hapo ndipo nilipolielewa jambo ambalo binti alitupeleka Galveston tulione. Pasaka humkalisha Myahudi kwenye kiti cha aliyekombolewa, na humkalisha humo vizuri, kwa mto wa kuegemea upande wa kushoto, kama wakaavyo watu huru. Juneteenth haina kiti hicho kwake. Inamtaka aizunguke meza, akamtazame mwenye nyumba usoni. Mtu anaweza kuwa mzao wa watumwa wa Misri na wakati huohuo akawa na jambo la kujibu mjini Galveston, na kumbukumbu ya kwanza, badala ya kumsaidia kuiona ya pili, inaweza kumzibia.

Tulipofika Houston tulipita kwenye bustani ya Emancipation, Third Ward, ambako ndugu za mama wa binti walikuwa wamekwisha tandika mikeka na kuwasha majiko. Ardhi hii ya ekari 10 ilinunuliwa mwaka 1872 na watu waliokuwa wameachwa huru miaka 7 tu kabla, waliochangishana wakiongozwa na Mchungaji Jack Yates na wenzake Richard Allen, Richard Brock na Elias Dibble, ili wawe na mahali pao wenyewe pa kuiadhimisha siku hii. Kulikuwa na nyama za kuchoma, matikiti maji, na soda nyekundu, kwa kuwa rangi nyekundu ndiyo rangi ya chakula cha siku hiyo, na wazee husema ni kwa ajili ya damu iliyomwagika. Nilionja ile soda, nikakumbuka Vimto ya futari nyumbani, nikaomba kikombe cha pili.

Kwenye mkeka ule wakili alitoa nakala ya amri akatusomea yote. Watu wengi hunukuu mwanzo tu, na mwanzo ni mzuri: watumwa wote ni huru, na kuna usawa kamili wa haki za mtu na haki za mali kati ya waliokuwa mabwana na waliokuwa watumwa. Kisha sauti inabadilika. Walioachwa huru wanashauriwa wabaki kwa utulivu katika makazi yao ya sasa na wafanye kazi kwa ujira. Wanaarifiwa kwamba hawataruhusiwa kujikusanya kwenye vituo vya jeshi, na kwamba hawatatunzwa katika uvivu, huko wala kwingineko. Mjomba wa binti, mzee mwenye kofia ya kamba, alisema kwamba uhuru huo ulikuja na ratiba ya bosi ndani yake. Pamba ilikuwa shambani, na mtu alihitajika kuichuma.

Bi Mkubwa aliomba karatasi, akaisoma mwenyewe kwa miwani, akasema kwamba Torati inakataza jambo hilo. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 15, anayemwacha huru mtumwa wake anaamriwa asimtoe mikono mitupu, bali ampe kutoka kundi lake, uwanja wake wa kupuria na shinikizo lake la divai, kwa sababu, Mungu anasema, kumbuka ulikuwa mtumwa Misri. Kiswahili kimesema kwa kifupi zaidi, mkono mtupu haulambwi. Marekani ilifanya kinyume. Utumwa ulipofutwa katika mji mkuu wa Washington mwezi Aprili 1862, serikali ililipa hadi dola 300 kwa kila mtumwa, na malipo hayo yalikwenda kwa aliyemmiliki.

Niliposikia hivyo ilinibidi niseme, maana nilikuwa nimekaa kutwa nzima nikiwasikiliza wenzangu wakijichambua, nami nikijiona mgeni mwenye bahati. Niliwaeleza kwamba kwetu soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873 na Sultani Barghash kwa shinikizo la Waingereza, kanisa kuu la Kianglikana likajengwa juu yake, nami nilikulia umbali wa kutupa jiwe kutoka hapo. Lakini kufunga soko hakukuwa kufuta utumwa. Hilo lilisubiri amri ya Sultani Hamoud ya Aprili 1897, na amri yenyewe haikumwacha huru mtu hata mmoja asiyekwenda kuomba. Mtumwa alitakiwa aende mahakamani aombe uhuru wake, aonyeshe ana makazi na njia ya kujikimu, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Masuria hawakuhusishwa hadi 1909. Fidia ililipwa, na alilipwa bwana. Karafuu ilikuwa shambani, na mtu alihitajika kuichuma.

Mzee mwenye kofia ya kamba aliniuliza sisi tunaiadhimisha siku ipi. Nikamwambia hatuna. Kalenda yetu ina siku za uhuru, mapinduzi na muungano, na hakuna ya hilo. Nilitaka kumweleza kwamba kwetu historia ya utumwa ilikwisha kutumiwa katika siasa kuwagombanisha watu hadi damu ikamwagika, na kwamba ndiyo sababu wengi wamechagua kuifunika, lakini nilipoyapanga maneno niliona nasema alichokwisha kusema wakili garini kuhusu jamii yake. Kisha binti, kwa sauti ileile aliyotumia kwenye maegesho, akaniuliza ukoo wangu ulikuwa upande gani.

Unguja swali hilo haliulizwi. Kila ukoo ni wa waungwana. Ukiwasikiliza wazee wa mji wetu utadhani watumwa wote walipita tu, wakapanda majahazi wakaenda zao, na hakuna aliyebaki, hakuna aliyezaa, hakuna aliyepika. Nikajibu kwamba sijui, nikajua hapohapo kwamba si kweli kabisa, kwa sababu nilipokuwa na miaka sita au saba kulikuwa na kizee nyumbani kwetu, amekaa daima kwenye kigoda karibu na kisima, tukimwita Bibi wa Uani. Hakuwa ndugu wa bibi yangu wala wa babu. Alikula baada ya watu. Alitutengenezea visheti, na alipofariki hatukuvunja safari ya Pemba.

Usiku ule Houston ilikuwa saa nne, na Unguja alfajiri imekwisha kuingia, saa ambayo shangazi yangu huwa yuko macho baada ya sala. Nilimpigia. Baada ya salamu, shikamoo, habari za watoto na bei ya samaki, nikamuuliza Bibi wa Uani alikuwa nani. Alinyamaza muda mrefu hata nikadhani simu imekatika. Kisha akaniambia kwamba alikuwa mzalia wa nyumba, mama yake aliletwa kutoka bara akiwa msichana, na kwamba karatasi ya mahakamani ya yule mama ilikuwepo katika kasha la babu hadi mchwa walipoila.

"Na mbona hamkutuambia, shangazi?"

"Hamkuuliza," akasema. "Mwanangu, hata alipozikwa hamkuuliza."

Nikamuuliza alizikwa wapi.